Zuwena Ahamia Kwao

Paukwa. Tulia, usiitikie kwanza. Katika nchi ninayotaka kuisimulia kuitikia kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya semina ya kufungua ofisi.

Jina la nchi hiyo sitalitaja. Wenyewe huiita Jamhuri Karimu, na ukarimu wake umo ndani ya katiba, ibara ya kwanza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga waliposema maneno hayo hawakujua kwamba yatafikishwa bungeni. Bunge lilikaa, likaona kasoro, maana wahenga hawakutaja ni nani mwenye mamlaka ya kutangaza siku ya tatu. Ikaamuliwa kwamba itatangazwa na Mwenyeji Mkuu, ndicho cheo cha rais wa huko, na mpaka atakapoitangaza itaendelea kuwa siku ya pili. Mwenyeji Mkuu ana mambo mengi. Ndiyo maana mwanamke mmoja aitwaye Mapendo, aliyevuka mto na kuingia nchini akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, alikuwa bado yuko siku ya pili ilhali mtoto mwenyewe keshaanza kunyoa ndevu.

Mgeni wa siku ya pili haruhusiwi kufanya kazi; ni aibu kwa taifa. Anatakiwa kuandaliwa vinono. Kwa kuwa fungu la vinono liliisha zamani, wageni walikuwa wakiandaliwa hotuba, na Mapendo akawa anafulia watu nguo, jambo ambalo kwa lugha ya serikali liliitwa mgeni kucheza na maji.

Lakini kisa hiki si cha Mapendo. Ni cha jirani yake, Zuwena binti Mwinchande, mwenyeji wa kuzaliwa, aliyepanga chumba ukuta kwa ukuta na Mapendo, bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Na Zuwena, nisikuzungushe, alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kugombea mume. Ni kile kijicho cha kumtazama mwenzio akitafuna, nawe ukameza mate. Alimwonea Mapendo kijicho kwa nywele zake, kwa kicheko chake, kwa kisamvu chake kilichonukia mpaka upande wa pili wa ukuta. Hata askari walipokuja kusaka wageni, wakaugonga mlango wa Mapendo na kuuruka wake, Zuwena alibaki kitandani roho inamuuma. Yaani yeye hata wa kugongewa hakuwa.

Kazi yake ilikuwa kukaanga vitumbua mbele ya karakana ya Mzee Mchomvu, fundi wa kuchomelea mageti na grili za madirisha. Shule aliiacha darasa la nne. Alikuwa na tamaa moja tu iliyomkosesha raha, nayo ni kukishika kile kishikio kinachotema cheche, aunganishe chuma na chuma visiachane tena. Waume wawili walikwisha kumpa talaka. Chuma kilichochomelewa hajakiona kikiandika talaka. Siku aliyomwomba Mzee Mchomvu amfundishe, mzee alimwambia alete kwanza cheti cha serikali. Akaenda serikalini. Huko akaambiwa kwamba wanawake wenyeji wasio na elimu walikwisha kuwezeshwa wote mwaka juzi, katika uwanja wa mpira, Jumamosi moja asubuhi. Na kweli Zuwena alikuwepo. Alipewa fulana iliyoandikwa NIMEWEZESHWA, na ndiyo aliyokuwa akiivaa kila siku kukaangia vitumbua.

*

Ikatokea kwamba marafiki wa nje, wale wenye fedha na kamera, waliuliza kwa upole mbona wanawake wageni hawaonekani katika kazi za ufundi. Swali la mwenye fedha halilali njaa. Upesi ukazaliwa Mradi wa Kumwinua Mwanamke Mgeni Asiye na Sifa hadi Kazi yenye Sifa, zikaletwa mashine za kuchomelea, na wageni wakachaguliwa. Mapendo akachaguliwa.

Zuwena alijua habari hiyo kwa macho. Alitoka asubuhi kumwaga maji, akakuta kwenye kamba, pembeni ya fulana yake ya mafuta mafuta, imeanikwa ovaroli ya buluu, mpya, ina mifuko hadi magotini. Chini yake buti. Alisimama pale na beseni mkononi. Aligusa mfuko mmoja baada ya mwingine, na kila mfuko ulimwuma peke yake. Siku hiyo vitumbua viliungua, na wateja walipolalamika aliwaambia waende wakale ovaroli.

Alifunga biashara mapema akaenda Wizara ya Wageni na Jembe, kwa afisa mmoja aitwaye Bwana Kisaka, mtu mwenye tai ndefu na subira fupi. Akaeleza shida yake: na yeye ni mwanamke, na yeye hana sifa, na yeye anataka.

Bwana Kisaka aliitazama fulana. "Mama, wewe umeshawezeshwa," alisema. "Mtu hawezeshwi mara mbili. Atazidiwa."

Zuwena akauliza je, kama angekuwa mgeni? Afisa akamjibu kwamba Jamhuri humpokea mgeni yeyote bila ubaguzi, sharti moja tu awe ametoka nje. Hata hivyo nafasi zimejaa. Labda mmoja wao atolewe.

Ndugu yangu, kuna maneno ambayo hayafai kuambiwa mtu mwenye wivu. Zuwena alikaa palepale kwenye benchi, akavuta pumzi, akasema kwamba yule Mapendo si mgeni.

Bwana Kisaka akakaa wima. Zuwena akamwaga ushahidi. Mapendo anakuna nazi akiwa amekalia mbuzi wala hayumbi. Mapendo akigombana bombani humfumbia mtu mafumbo mpaka mtu aende akaulize maana. Mapendo harusini hujua wakati wa kutunza na wakati wa kujifanya haoni. Afisa alikuwa akitikisa kichwa tu, hayo yote mgeni anaweza kujifunza. Ndipo Zuwena akatoa la mwisho: Mapendo huilalamikia serikali, na akilalamika hushusha sauti na kutazama nyuma.

Hapo Bwana Kisaka alinyanyuka. Kwa mujibu wa mwongozo wa wizara, mgeni husifu. Anayelalamika kwa sauti ya chini ni mwenyeji.

Kamati iliketi. Mapendo aliitwa, akapatikana na hatia ya uenyeji wa siri, akavuliwa ugeni. Adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa ovaroli na buti, na kupewa kitambulisho cha uraia palepale, bila nafasi ya kukata rufaa. Alirudi nyumbani analia, kitambulisho amekikumbatia kifuani, mwanawe amemshika bega. Zuwena alimwona kupitia ufa wa dirisha. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu ovaroli ile ianikwe, na hakujiuliza kwa nini mtu anayelia kwa uchungu anakibusu kile kinachomliza.

*

Kesho yake Zuwena alivuka mto, akanywa chai upande wa pili, akarudi kwa njia nyingine. Mpakani alijitangaza kuwa mgeni. Askari alimwuliza anakimbia nini. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alifikiri, akasema kwamba kule alikotoka kulikuwa na jirani ambaye hakuweza kuishi naye. Askari akaandika: vita.

Wizarani ilibidi asalimishe kitambulisho chake cha uraia, na Bwana Kisaka alikikata kwa mkasi mbele yake kama mtu anayekata kucha. Zuwena alivitazama vile vipande, lakini ovaroli ilikuwa imekunjwa juu ya meza, na macho hayana pazia. Aliipokea kwa mikono miwili na kusema "aksanti", vile alivyomsikia Mapendo akisema kila siku ukutani. Bwana Kisaka alifurahi sana. Alisema hajapata kumsikia mgeni halisi namna hii.

Siku ya uzinduzi Mwenyeji Mkuu alikuja mwenyewe. Wanawake walipangwa jua kali, ovaroli zimewabana, mashine nyuma yao zimefungwa utepe. Mheshimiwa alisoma hotuba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kidole gumba chake kikifuata mstari. Kilikuwa kidole kinene, cha mtu aliyekula vyema. Mwishoni mwa hotuba palikuwa na agizo, nalo liliandikwa: wanawake hawa wote wafundishwe. Lakini kidole kilikaa katikati ya neno, kikaziba herufi tatu, na Mwenyeji Mkuu akanguruma, "Naagiza wanawake hawa wote wafundwe!"

Makofi yakapigwa. Mawaziri walitazamana huku wakipiga. Kila mmoja alijua tofauti kati ya fundi na kungwi, na kila mmoja alimpenda mkewe, watoto wake na gari la wizara. Kabla ya jua kuzama mashine zilifungiwa ghalani, na magari matatu ya serikali yakatoka mbio kuwatafuta makungwi.

Aliyepatikana ni Bi. Sikudhani, kungwi mstaafu, aliyekuwa ameacha kazi tangu mabinti waanze kufundwa na simu. Kwa mara ya kwanza katika historia somo wa unyago alipewa cheo, Mkufunzi Mkuu Daraja la Kwanza, na dereva. Alipoingia akawakuta wanawake wazima wamevaa mabuti, alitikisa kichwa akasema amefunda wengi lakini hawa wari wa leo wamechelewa.

Basi wakafundwa. Zuwena alifundwa namna ya kumpokea mume akitoka kazini, namna ya kumtengea maji ya kuoga, namna ya kunyamaza kwa aina saba. Alifundwa kutembea taratibu, jambo ambalo ndani ya buti za chuma linahitaji kipaji. Hayo yote alikwisha kufundwa akiwa kigori, na yalimsaidia akaachwa mara mbili. Siku moja alishindwa kuvumilia. Akanyoosha mkono, akauliza vyuma vinaanza lini.

"Mwanangu," Bi. Sikudhani alimjibu bila hasira, "chuma ndiye mume, na ulimi wako ndio moto. Ukizidisha moto, chuma kitatoboka."

Wenzake wakapiga vigelegele. Marafiki wa nje walipokuja na kamera zao kukagua walizuiwa mlangoni, wakaelezwa kwa heshima kwamba afundwayo mwari hayatoki nje. Walisimama uani wakasikiliza nyimbo na kishindo cha mabuti. Wakaandika kwamba ari ya wanawake ni kubwa na mafunzo yanalindwa kitaalamu.

*

Na Mapendo je? Mapendo alikuwa amebaki na adhabu yake, yaani uraia. Akaitazama, akaigeuza, akagundua kwamba mwenyeji hahitaji kusubiri siku ya tatu. Alikwenda kwa Mzee Mchomvu akaomba kazi. Mzee akadai cheti cha serikali. Mapendo akamtolea kitambulisho, kina nembo na mhuri, na mzee, ambaye miwani yake ilikuwa nyumbani, akaridhika. Akaanza kwa kufagia. Kisha kushika chuma wakati wengine wanachomelea. Kisha kutukanwa, kwa maana huko ndiko kufundishwa kwenyewe. Akaharibu geti moja, akaharibu la pili, la tatu likasimama.

Hayo Zuwena, aliyekuwa amefungiwa mafunzoni na wenzake, hakuyajua mpaka alipohitimu. Alikuja karakana akikimbia, ovaroli imepigwa pasi, cheti amekinyoosha mbele. Mzee Mchomvu safari hii alikuwa na miwani. Alisoma polepole: "Imethibitishwa kwamba Zuwena, mgeni, amefundwa."

"Hongera, bibi," mzee alisema. "Sasa tafuta mchumba."

Akamrudishia cheti, akaongeza kwamba hata angekuwa amefundishwa asingemwajiri, maana ni mgeni wa siku ya pili na sheria ni kali. Nyuma ya mzee kulikuwa na mtu amechutama, uso umefunikwa na kofia ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi, anachomelea grili ya dirisha. Cheche zikaruka. Mtu yule akainua kofia apanguse jasho, na alikuwa Mapendo.

Zuwena alikwenda akakaa pale alipokuwa akikaangia vitumbua, akawa anatazama. Nitakwambia alivyokuwa akijisikia, kwa sababu mwenyewe alikuja kuyasema. Alikuwa akijisikia kama mtu aliyepika, akapakua, akakipeleka chakula kwa mikono yake mwenyewe nyumba ya pili. Kazi ile aliyempa ni yeye. Kitambulisho kile aliyempa ni yeye. Hata ubaya wake ulikuwa umemfaa jirani. Mafundi walimwonya asitazame moto ule kwa macho makavu. Akatazama. Kila Mapendo alipogusisha chuma na ule mwanga mweupe kuwaka, wengine waligeuza shingo, yeye akakodoa. Alitazama mpaka karakana ilipofungwa.

Wanaojua kazi hiyo wanajua kilichofuata. Macho yalianza kuwasha, yakavimba, yakawa kama yamepakwa pilipili na mchanga, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Mtaani wakasema kijicho kimemrudia mwenyewe. Zuwena alipapasa ukuta kuitafuta nyumba yake, akaikuta imefungwa kufuli jipya, kwa sababu mgeni haruhusiwi kupanga chumba bila mwenyeji wa kumdhamini, na mwenye nyumba alikuwa mtii wa sheria.

Mlango wa pili ulifunguka.

"Karibia, Dada Zuwena," alisema Mapendo. Akamshika mkono.

*

Alilazwa kwenye mkeka, akawekewa vipande vya kiazi kibichi juu ya macho, dawa ya mafundi wote. Mapendo alisema ataona tena, ila asubiri. Akamlisha kisamvu kwa mkono. Ni kilekile kilichokuwa kikimtesa kwa harufu kupitia ukutani, na kilikuwa kitamu kama alivyohofia.

Akiwa gizani, macho hayafumbuki, Zuwena alishindwa kubeba tena. Akasema kwamba ni yeye. Yeye ndiye aliyekwenda wizarani.

Alisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Nilijua," alisema Mapendo. "Yule afisa alinitajia jina lako siku ileile. Alitaka niumie. Kesho yake nilikuja kukugongea mlango."

"Kunitukana?"

"Kwanza nilitaka kukutukana. Nilipofika mlangoni nikawa nataka kukushukuru. Nikasimama pale sijui nianze na lipi. Wakaniambia umehama nchi."

Zuwena alinyamaza, na haikuwa mojawapo ya zile aina saba. Aliona wivu, Mungu amsamehe, hata pale. Alimwonea Mapendo wivu kwa moyo wa namna ile, akajiuliza mtu anaupata duka gani.

Alikaa siku mbili, amelazwa, analishwa, anafunikwa. Siku iliyofuata asubuhi alivitoa viazi, akafumbua macho, akaona. Cha kwanza alichokiona ni kamba ya nguo dirishani, imeanikwa fulana yake ya NIMEWEZESHWA, ile aliyokuwa ameivaa ndani ya ovaroli, imefuliwa mpaka madoa ya mafuta yametoka. Mapendo alimwambia avae ovaroli, wanatoka.

Mzee Mchomvu alipowaona wawili alisimama katikati ya mlango. Alisema hana ugomvi na mtu, ila huyu ni mgeni, na Mwenyeji Mkuu hajatangaza. Wizara ikijua, karakana itafungwa. Alikuwa anaogopa kweli, na si wa kulaumiwa.

"Mzee," alisema Mapendo, "mimi ni mwenyeji, nina kitambulisho. Huyu ni mgeni wangu, amelala kwangu siku mbili. Serikali ina siku yake ya tatu. Na mimi ninayo yangu, ni leo."

Mzee alitazama barabarani upande huu na upande huu, akashusha sauti, akasema mambo fulani kuhusu serikali ambayo sitayarudia. Kisha akasogea kando, akawapisha mlango.

Wizara ilijua, bila shaka. Bwana Kisaka alikuja na kamera, akapiga picha ya mwanamke mgeni aliyehitimu mafunzo na kuingia kazi ya ufundi, mmoja kati ya wote, na picha hiyo ikapelekwa kwa marafiki wa nje, wakatoa fedha za kufunda wengine. Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile Mapendo alimletea Zuwena kofia ya kuchomelea, mpya, kioo hakina hata mkwaruzo, bado ina karatasi ya dukani. Yake mwenyewe ilikuwa kuukuu, imetobolewa na cheche, imefungwa waya upande mmoja.

Zuwena aliishika ile mpya. Akaitazama ile kuukuu, kila kovu lake.

"Nipe hiyo yako," alisema.

Mapendo alimkazia macho. "Una wivu wewe."

"Ninao."

Mapendo akacheka, akaivua, wakabadilishana. Zuwena aliivaa, ina joto na jasho la mwenzake, akachutama karibu. Mapendo akagusisha chuma na moto ukawaka. Kupitia kile kioo cheusi Zuwena aliuona wote, mdogo, wa kijani, ukitembea taratibu juu ya chuma. Aliutazama mpaka mwisho, na macho hayakumuuma.

Kisha akanyoosha mkono, akaomba ajaribu na yeye.